Waraka kwa Wanachama: Maoni ya Barabara Yaandamane na Maoni ya Ardhi

Kwa wanachama wote wa chama chetu cha wakazi: Mtongwe, Shika Adabu, Bofu, Timbwani na Likoni.

Wazee wetu, mama zetu, ndugu na vijana,

Nawaandikia juu ya mipango ya kaunti. Naomba kila nyumba iusome waraka huu kabla ya mkutano wetu, na asiyeweza kusoma asomewe, kwani ninayoyaomba hayamaliziki katika dakika za mwisho za kikao, wakati nusu ya watu wameshasimama kuwahi feri.

Mpango wa maendeleo wa kaunti tulio nao sasa, huu ambao kila mtu anauita CIDP, ni wa 2023 hadi 2027. Utakaofuata ni wa 2028 hadi 2032. Pamoja nao sheria inataka uwepo mpango wa matumizi ya ardhi unaotazama miaka kumi mbele. Zaidi ya hiyo upo mpango mkuu wa mji wa Mombasa uliotayarishwa kwa msaada wa Japani kupitia JICA, na huo macho yake yako mwaka 2040. Mtoto anayeingia darasa la kwanza leo atakuwa mtu mzima wakati huo. Atavukia wapi kwenda kazini, na nyumba ya baba yake itakuwa bado imesimama au la, ni mambo yanayochorwa wakati huu tukiwa hai na tukiwa na midomo ya kusema.

Kuna wanaosema mipango hii ni makaratasi tu. Ningependa wakumbuke kifungu cha 104 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Kinasema kaunti haiwezi kutenga pesa za umma nje ya mpango ulioidhinishwa na bunge la kaunti. Maana yake, taa ya barabarani isiyokuwemo kwenye mpango haina pesa, hata mwakilishi wadi aiahidi mara ngapi jukwaani. Na kifungu cha 115 cha sheria hiyo hiyo kinasema kushirikisha umma katika mipango ni lazima. Hatuendi pale kuomba hisani.

Sasa niseme linalonisumbua. Tunahudhuria vikao vya maoni, wengine wetu bila kukosa, na tunasema kwa uchungu. Lakini tazameni tunavyosema. Mmoja husimama akaomba lami. Anayefuata huomba hati miliki. Wa tatu hulalamikia feri, wa nne mtaro, wa tano fidia. Karani huandika: wakazi wa Likoni wameomba barabara. Jioni yale ya ardhi hupelekwa ofisi moja na yale ya usafiri ofisi nyingine, na ofisi mbili hizo hazisomeani barua. Miaka michache baadaye barabara inakuja kweli, nzuri na pana, nasi tunapigwa na butwaa kuona imekuja na mwenye ardhi ambaye hatukuwahi kumwona.

Kwetu Likoni barabara na ardhi ni jambo moja. Kaunti nzima ya Mombasa ina takriban kilomita za mraba 220 tu za nchi kavu, na hesabu ya 2019 ilikuta watu 1,208,333 juu yake. Hapana njia mpya inayoweza kupita hapa bila kupita juu ya makazi, makaburi, minazi au diko la mtu. Na nyingi ya nyumba hizo ziko juu ya ardhi ambayo mwenye nyumba hana karatasi yake.

Wazee wanaijua historia hii, ila vijana wengi hawajaambiwa. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi ya pwani. Kila mwenye kudai shamba alitakiwa aje alidai na kulithibitisha, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji la Mwingereza. Wengi waliokuwa wakilima kwa desturi za mababu hawakudai, ama hawakujua, ama hawakuona sababu ya kudai kilicho chao. Ndipo wakazaliwa watu wanaoitwa maskwota mahali walipozikwa babu zao. Ndipo pia ukaenea utaratibu tunaoishi nao mjini hadi leo, wa mtu kujenga nyumba yake mwenyewe na kulipia kiwanja kwa mwenye ardhi mwezi baada ya mwezi, nyumba isiyo na ardhi. Shamba la Waitiki, ekari 930 hapa hapa Likoni, lilikaa katika mgogoro kwa miongo mpaka serikali ilipolinunua na kuanza kutoa hati mwaka 2016, na hata hapo wakazi wakatakiwa walipie. Yeyote anayetuambia tujadili barabara leo na ardhi siku nyingine hajui anaongea na nani.

Upande wa usafiri nao una makovu yake. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama ikiwa imejaza watu kupita kiasi, wakafa 272. Kuna familia katika chama hiki ambazo hazihitaji nambari hiyo. Hadi leo kivuko cha Likoni hubeba zaidi ya watu laki tatu kwa siku, na maji yakitoka ile ngazi ya kushukia huwa mwinamo mkali ambao mzee mwenye fimbo, mama mwenye mimba na mwenye kiti cha magurudumu hawaumudu bila kushikwa mkono. Katiba, katika Jedwali la Nne, imetaja vivuko miongoni mwa kazi za kaunti. Mpango wa kaunti usiozungumzia kivuko kwa undani, kwa kisingizio kwamba feri zinaendeshwa na shirika la serikali kuu, umeliacha jambo kubwa kuliko yote katika maisha yetu ya kila siku.

Barabara ya Dongo Kundu sasa inapitika. Gari linalotoka Miritini linafika upande wa kusini bila kuingia kisiwani wala kugusa feri. Nashukuru kwa hilo, na wafanyabiashara wa Kwale nadhani wanashukuru zaidi. Lakini mwenye kutembea kwa miguu, mwenye mkokoteni, mama wa mahamri anayevuka alfajiri kwenda Mwembe Tayari, hao barabara ile haikuwawekea chochote. Kando yake kunajengwa ukanda maalumu wa kiuchumi wa Dongo Kundu, ardhi ya takriban ekari 3,000, wenye gati na viwanda. Na bado kuna mpango wa daraja kubwa la kuvuka mlango wa Likoni wenyewe, ambao umezungumzwa kwa miaka. Yawekeni mambo haya matatu pamoja kwenye ramani moja mtaona kwamba ardhi yetu, ambayo zamani ilikuwa mbali kwa sababu ya maji, inakuwa karibu na kila kitu. Ardhi ikiwa karibu na kila kitu hupata wapenzi wengi, na wa kwanza kusukumwa ni yule anayelipia kiwanja kwa mwezi.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja: asitoe mtu maoni juu ya barabara, stendi, gati au daraja bila kutamka, katika maoni hayo hayo, nani anakaa pale, kwa haki gani, tangu lini, na atakwenda wapi. Tuseme tunaitaka barabara kutoka Mtongwe, kisha tuseme nyumba ngapi ziko kwenye njia yake, zipi zina hati na zipi hazina, makaburi yako wapi, wavuvi wanateremkia wapi. Maoni ya namna hiyo karani hawezi kuyakata katikati.

Wenzetu wasio na hati wasiogope kujitaja. Kifungu cha 40 cha Katiba, ibara yake ndogo ya nne, kinaruhusu fidia ilipwe hata kwa wanaoikalia ardhi kwa nia njema bila ya kuwa na hati. Lakini hakuna atakayelipwa kama hajulikani yupo. Mtu ambaye hakuandikwa wakati mpango ukichorwa, siku tingatinga litakapowashwa atakuwa na kelele tu. Risiti za kodi ya kiwanja, barua ya chifu, picha ya kaburi, kitambulisho cha mtoto aliyezaliwa hapo, vitunzeni kama mnavyotunza cheti cha ndoa.

Tuwatazame ndugu zetu wa Lamu. Bandari ya mradi wa LAPSSET ilipoletwa kwao, wavuvi walisimama na kuuliza: maeneo yetu ya kuvulia yatachimbwa na kufukiwa, nani alituuliza? Walikwenda mahakamani, wakangoja miaka, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikakubali kwamba haki zao zilikiukwa, pamoja na haki ya kupata habari na haki zao za kimila za uvuvi, ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Mwaka uliofuata, Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Nawasifu kwa moyo wote. Hata hivyo mtazame bei waliyolipa: miaka ya kesi, na bandari imejengwa. Kuzungumza wakati mstari bado ni wa penseli ni rahisi kuliko kushinda kesi baada ya saruji kukauka.

Najua hatuna kauli moja, na sitaki tujifanye tunayo. Vijana wengi wa Bofu na Mtongwe wanaungoja ukanda wa kiuchumi kwa hamu kwa sababu wanataka kazi, na wanachoka kuwasikia wazee wakiupinga kila uchao. Wauzaji wa pale feri wanaliogopa daraja, maana abiria akipita juu hatanunua viazi karai. Madereva wa matatu na tuktuk wanataka stendi kubwa. Wakaaji wa karibu wanasema stendi italeta kelele na wezi. Wavuvi wanataka njia za kuteremka baharini zifunguliwe, nyingine ambazo kuta zimeziziba miaka na miaka. Wenye viwanja vya ufukweni hawataki kusikia. Yote yaandikwe kama yalivyosemwa. Mpango unaojua kwamba wauzaji wa feri watapoteza riziki unaweza kuwatengea soko kwenye mdomo wa daraja. Usiojua hautawatengea. Mimi msimamo wangu ni kwamba kazi za Dongo Kundu ni halali yetu na tuzidai kwa sauti, pamoja na vyuo vya ufundi vya kuwaandaa vijana hawa, na kwamba daraja lolote litakalojengwa liwe na njia ya waendao kwa miguu. Asiyekubaliana nami aandike yake, nitayapeleka vile vile.

Kuhusu wakati. Wengi huamka mwezi wa Juni, bajeti ikisomwa, na hapo mambo yamekwisha. Sheria ya fedha za umma inataka mpango wa maendeleo wa kila mwaka ufike bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, waraka wa mikakati ya fedha kabla ya 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Kwa hiyo maoni yetu yawe mezani kabla Agosti haijaisha, na yarudiwe Januari. Maoni ya mpango wa 2028 hadi 2032 yasingojee uchaguzi wa 2027. Wakati wa kampeni kila kitu huahidiwa na hakuna kinachoandikwa.

Msikubali pia kutoa maoni juu ya ramani msiyoiona. Tukiitwa kikaoni tukasomewa kurasa mbili za maneno, tuombe ramani. Tukinyimwa, tuandike barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Barua iwe na nakala yenye mhuri wa kupokelewa, na nakala ibaki kwetu.

Kabla ya mkutano, kila mtaa uteue watu wanne: mzee mmoja anayeijua mipaka ya zamani, mama mmoja, kijana mmoja mwenye simu ya kupiga picha na kuonyesha mahali, na mtu mwenye ulemavu, ambaye atatuonyesha njia zetu kwa jicho tusilokuwa nalo. Wapite mtaa mzima kwa miguu. Waandike nyumba zilizo kando ya kila njia inayotajwa kwenye mipango, visima, misikiti na makanisa, makaburi, madiko, mahali maji yanapotuama wakati wa masika, na mahali watoto wanapovukia kwenda shule. Majina ya mahali yaandikwe kama tunavyoyaita wenyewe, maana ramani nyingi hazina majina hayo na ndiyo sababu mahali hapo huonekana patupu.

Madaftari yatapatikana kwa makatibu wa mitaa. Yarudi yakiwa yamejazwa, na nakala za risiti na barua zikiwa zimebanwa ndani, wiki moja kabla ya mkutano, ili tuchore ramani moja ya Likoni nzima na kuipeleka tukiwa pamoja. Mtaa ambao haujapata watu wanne uniarifu mapema nije tusaidiane kuwatafuta.

Wenu katika kazi hii,

Katibu