Siri za kikaoni zina mpaka

Tarehe 9 Julai 2009, Kofi Annan alimkabidhi Luis Moreno-Ocampo, mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu wa Jinai (ICC), bahasha iliyofungwa pamoja na masanduku ya ushahidi. Wakenya walikwishaipa jina: bahasha ya Waki. Ndani yake mlikuwa na majina ya watu walioshukiwa kubeba dhamana kubwa ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo kwa hesabu ya tume ya Jaji Philip Waki ziliua watu 1,133.

Annan hakuwa mpelelezi wala hakimu. Alikuwa msuluhishi, yule yule aliyefika Nairobi Januari 2008 akiongoza jopo lenye Benjamin Mkapa na Graça Machel. Alikaa wiki kadhaa na wajumbe wa Rais Mwai Kibaki na wa mpinzani wake, Raila Odinga, na alipoona hawasogei akawaweka kando. Yeye, Mkapa na Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania wakaingia faraghani na viongozi hao wawili, na makubaliano yakatiwa saini Februari 28. Je, mtu aliyeaminiwa na pande zote namna hiyo alipaswa kushika bahasha inayoweza kuwafikisha wanasiasa wa pande hizo hizo kizimbani?

Swali hilo si dogo. Msuluhishi akianza kuonekana kama shahidi, hakuna atakayemfungulia moyo.

Lakini Annan alikuwa sahihi, na sababu yake inafaa kuangaliwa kwa makini. Majina yale hayakuokotwa kwenye mazungumzo ya faragha. Yalitoka kwenye tume ambayo pande zote mbili zilikubali iundwe. Masharti nayo yalikuwa bayana tangu ripoti ilipotoka Oktoba 2008: Kenya iunde mahakama yake maalumu kwa muda uliopangwa, la sivyo majina yaende Hague. Februari 2009 Bunge liliukataa muswada wa mahakama hiyo. Muda ukaongezwa, na bado mahakama haikuundwa. Bahasha ilipoondoka mikononi mwa Annan, hakuna aliyeweza kusema amegeukwa. Kwamba kesi zenyewe baadaye zilisambaratika, ya mwisho kati ya zile kubwa mwaka 2016, ni doa la mashtaka na la mashahidi waliopotea njiani, wala halimgusi msuluhishi.

Swali la msuluhishi na siri anazopewa haliishii Ikulu. Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka wanandoa wapitie baraza la usuluhishi kabla ya kudai talaka mahakamani. Bila hati ya baraza inayosema usuluhishi umeshindikana, mlango wa mahakama kwa kawaida haufunguki. Wajumbe wa baraza, watu wa mtaani wanaofahamiana na familia zote mbili, wanashika ufunguo mzito kuliko wengi wao wanavyodhani.

Chukua jambo linaloweza kutokea katika baraza lolote. Mke na mume wamekaa kwenye benchi, wanalalamikiana kuhusu fedha za matumizi. Mwenyekiti anaomba kuzungumza na kila mmoja peke yake. Mume akishatoka nje, mke anavuta mtandio, anaonyesha shingo yenye alama za vidole, kisha ananong'ona: "Mzee, nakuomba usimwambie kama nimekuonyesha." Mwenyekiti afanye nini? Akinyamaza, ataendesha kikao cha fedha huku akijua shida si fedha. Akisema, huenda mama huyo akalipia usiku ule ule.

Wengi huchagua njia ya tatu, iliyo mbaya kuliko zote mbili: wanamsihi mwanamke avumilie, arudi nyumbani, walee watoto. Huko si kusuluhisha. Kifungu cha 66 cha sheria hiyo hiyo kinatamka wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, mila iseme isemavyo. Kipigo hakiwekwi mezani kupatanishwa kama bajeti ya nyumba. Tena sheria imeruhusu mahakama kusikiliza shauri bila hati ya baraza pakiwa na mazingira ya kipekee. Mwanamke anayekabwa koo hadaiwi kikao cha pili wala cha tatu.

Kilichomwokoa Annan ndicho kinachokosekana katika mabaraza mengi: mpaka uliotangazwa mapema. Mwenyekiti angefungua kila kikao kwa kusema kwamba yatakayosemwa hapo hayatatoka, isipokuwa maisha ya mtu au ya mtoto yakiwa hatarini, mama yule angejua anachofanya kabla hajavuta mtandio. Mume naye angekuwa amesikia. Mwenyekiti asingelazimika kubuni msimamo huku ameshika siri ya mtu. Angeahirisha kikao, akamsindikiza mama kwenye dawati la jinsia polisi iwapo yeye mwenyewe ameridhia, na kuandaa hati.

Sheria imempa waziri jukumu la kuanzisha mabaraza haya. Basi aagize tamko hilo la mpaka, lenye sentensi mbili au tatu, liandikwe kwa Kiswahili chepesi, libandikwe ukutani katika kila chumba cha baraza, na wajumbe wafundishwe kulisoma kwa sauti kabla mtu yeyote hajaanza kueleza ya nyumbani kwake.