Kabla Hujanunua Boti, Piga Hesabu ya Petroli

Tembea ufuo wowote kuanzia Timbwani hadi Mtopanga, utaikuta. Boti ya faiba imepinduliwa chini ya mkungu, rangi imebabuka, mbuzi wamelala kivulini mwake. Ukiuliza ni ya nani, utaambiwa ni ya kikundi. Ukiuliza mbona haiendi baharini, utajibiwa kwa neno moja: mashine. Ama imeharibika na spea haipatikani, ama inakula petroli kuliko samaki inaowaleta, ama kikundi kiligombana ni nani atakayekaa na ufunguo wa stoo.

Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, na wenyeji wa pwani tunajua maana yake. Boti zitakuja. Zitakabidhiwa kwa ngoma na picha, na majina yatapakwa ubavuni. Hakuna ubaya mvuvi kusaidiwa, na mimi si wa kuwaambia watu wakatae riziki. Lakini wakati huo huo, vijana wetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe wanatoa akiba zao za chama, wengine wanakopa, kununua vyombo na zana kwa mtindo ule ule wa kuangalia ukubwa na kung'aa. Swali ni moja kwa kikundi na kwa mtu binafsi: shilingi ya mvuvi iwekwe wapi ndipo irudi na mwenzake?

Bahari zetu si moja

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba mvuvi ni mvuvi tu. Aliye Changamwe anavua katika hori la Port Reitz, kwenye mikoko na matope, akitafuta kamba, kaa na mkizi. Maji yake yana meli zinazoingia bandarini, na tangu gati jipya la mafuta la Kipevu lifunguliwe 2022, sehemu ya kupita kwa uhuru imezidi kuwa finyu. Mtu huyu ukimpa boti ya futi 28 yenye mashine ya nguvu za farasi 40 umempa mzigo. Anachohitaji ni mtumbwi mzima usiovuja, nyavu zenye jicho la halali, na mahali pa kuhifadhi samaki wasiharibike kabla ya kufika sokoni.

Wa Kisauni, kuanzia Nyali hadi Bamburi, anavua ndani ya mwamba. Mbele yake ipo Hifadhi ya Bahari ya Mombasa iliyowekwa tangu 1986. Ndani ya hifadhi yenyewe hakuvuliwi, na katika eneo linaloizunguka zinaruhusiwa zana za asili pekee. Huko malema, mishipi na dau vinatosha kumlisha mtu, mradi mwamba uwe na samaki.

Wa Likoni ana bahati nyingine. Ukitoka nje ya mwamba bahari hushuka haraka, na huna haja ya safari ndefu kufika maji ya nguru na jodari. Hapo ndipo mashine ina maana. Lakini hata hapo ina msimu wake. Kaskazi, kati ya Novemba na Machi, bahari ni tulivu na chombo kinatoka karibu kila siku. Kusi ikishika, kuanzia Aprili hadi Septemba, siku nyingi chombo kidogo hakitoki nje. Deni, hata hivyo, halijui kaskazi wala kusi.

Hesabu ambayo muuzaji hakuonyeshi

Tupige hesabu ya mfano. Tarakimu hizi nimeziweka mwenyewe ili tuelewane. Wewe ziondoe, uweke za ufuo wako.

Tuseme boti ya faiba na mashine yake imekugharimu shilingi 600,000. Utaitumia miaka mitano, siku 150 kwa mwaka. Hizo ni siku 750, kwa hivyo kila siku unayotoka, chombo chenyewe kinadai shilingi 800, hata kama ulikinunua taslimu. Petroli lita 20 kwa shilingi 180 ni 3,600. Ongeza barafu na chambo, 600. Jumla ni shilingi 5,000 kabla baharia yeyote hajapata hata ya chai.

Kama samaki ananunuliwa ufuoni kwa 350 kwa kilo, basi kilo 14 za mwanzo si zenu. Ni za chombo na kituo cha mafuta. Mkipata kilo 25, mnabaki na 3,750. Mkiwa wanne, kila mmoja ni kama 940. Mkipata kilo 12, mmerudi na hasara ya 800 na jua limewachoma bure.

Sasa chukua dau la tanga la shilingi 120,000. Miaka mitano, siku 120 kwa mwaka kwa sababu ya upepo, ni shilingi 200 kwa siku. Barafu na chambo 400. Jumla 600. Wavuvi wawili wakipata kilo tisa tu, wana 3,150, wanatoa gharama, wanabaki na 2,550. Kila mmoja amepata 1,275. Samaki wao ni theluthi moja na kidogo ya wale wa faiba, na pesa mfukoni ni zaidi.

Je, nasema tanga ni bora kuliko mashine? La. Kaskazi, nguru na jodari wakipita, ile faiba ikileta kilo 60 kila baharia anaondoka na 4,000, na dau halifiki huko. Ninachosema ni kwamba mashine inalipa pale tu inapokufikisha kwenye samaki ambao tanga haliwafikii. Kuitumia kuvua changu ndani ya mwamba ni kuchoma petroli ili ufike pale ambapo upepo ungekufikisha bila malipo.

Ndiyo maana wazee wetu waliogawana pato waliweka fungu la chombo, fungu la nyavu na fungu la mashine mbali na fungu la mabaharia. Watu huliona fungu la chombo kama la tajiri kujinufaisha, na mara nyingine ni kweli. Lakini asili yake ni hekima: chombo nacho kinakula. Kikundi kinachogawana kila senti siku hiyo hiyo, siku propela ikigonga mwamba hakina la kufanya ila kuipindua boti chini ya mkungu.

Ukinunua, angalia haya

Kwanza ni mwili wa chombo. Mtumbwi au dau la mbao usinunue likiwa limepakwa rangi mpya leo asubuhi. Rangi huficha mengi. Nenda na fundi wa vyombo, agonge mbao, akague mkuku na mataruma, atazame kama wadudu wa baharini wameshatoboa. Uliza lilitiwa kalafati lini. Mbao zina faida moja: fundi yuko mtaani na ukarabati unaumudu. Faiba haiozi wala haihitaji kalafati, lakini ikipasuka inataka dawa zake na mtu anayejua. Gonga ubavu wote kwa kidole. Sauti ikibadilika na kuwa kama ya debe tupu, tabaka zimeachana ndani.

Pili ni mashine. Usiulize inakimbia vipi, uliza spea zinapatikana wapi. Mashine inayotengenezwa na mafundi watatu hapa Mombasa ni bora kuliko ya kisasa ambayo fundi wake yuko ng'ambo. Mashine iliyotumika iwashwe mbele yako ikiwa baridi, si baada ya kuipasha moto kwanza, na uone kama inatoa maji ya kupozea. Na usinunue nguvu usizozihitaji. Kutoka farasi 15 hadi 40 si kasi peke yake inayoongezeka. Kiu nayo inaongezeka.

Tatu ni nyavu na ndoana. Hapa rahisi ni ghali kwa namna mbili. Nyavu za uzi mmoja wa plastiki, zile nyembamba zinazong'aa, zinauzwa bei ya chini, lakini zimepigwa marufuku. Juya la kukokota ufuoni na bunduki za kuchomea samaki zilipigwa marufuku 2001. Ukizinunua umenunua kesi: siku zikikamatwa na kuchomwa, pesa yako imekuwa moshi. Na hata usipokamatwa, wavu wa jicho dogo unamvua samaki ambaye mwakani angekuwa kilo nzima. Unajila mwenyewe.

Upande wa pili, zipo zana za bei nafuu ambazo zinalipa. Lema lenye mwanya wa kutorokea samaki wadogo lilijaribiwa katika pwani yetu hii, na utafiti uliochapishwa 2013 ulionyesha kwamba samaki wanaobaki ni wakubwa zaidi na kipato cha mvuvi hakishuki, bali huongezeka. Mwanya huo hauna gharama ya kutisha. Ni fito na ufundi wa kusuka tulioachiwa na babu zetu. Sijaona sherehe ya kukabidhi malema, kwa sababu lema halipendezi kwenye picha.

Nne ni zile fimbo na rili ambazo vijana wanaagiza kupitia simu, wakavulie majabalini Likoni na Nyali. Nyingi zinazotangazwa zimetengenezewa samaki anayeitwa bass, wa maji matamu ya Marekani. Hapa Kenya samaki huyo aliletwa Ziwa Naivasha katika miaka ya 1920, na huko fimbo hizo zina mahali pake. Huku kwetu anayekungoja jabalini ni tewa na kolekole, na maji ni ya chumvi. Rili isiyotengenezwa kwa chumvi huanza kuganda mapema. Ukitaka, nunua iliyoandikwa wazi kwamba ni ya baharini, na kila jioni ioshe kwa maji baridi. Ama shika mshipi wako wa mkono, ndoana nzuri na chubwi. Tewa hajawahi kuuliza bei ya fimbo.

Tano, na hii ndiyo inayosahaulika: barafu, sanduku la kuhifadhi baridi, na jaketi za kuokolea maisha. Samaki aliyelegea saa tano mchana mama karanga anamnunua kwa bei ya huruma. Yule yule akiwa kwenye barafu anauzwa kwa heshima. Sanduku zuri pengine litakuongezea pato kuliko farasi kumi za mashine. Na jaketi nisiitolee hesabu. Kila familia ya wavuvi ina jina la mtu ambaye bahari haikumrudisha.

Pesa za umma nazo ni pesa

Turudi kwa zile boti za kukabidhiwa. Mradi wa KEMFSED ulioidhinishwa 2020 kwa ajili ya kaunti za pwani, Mombasa ikiwemo, ni wa dola milioni 100 kutoka Benki ya Dunia. Huo ni mkopo wa taifa, na wewe na mimi ndio tunaoulipa. Kule Lamu, mahakama ilipoamua mwaka 2018 kwamba wavuvi wapatao 4,600 wafidiwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari, mazungumzo yaliyofuata yalihusu pia sehemu ya fidia kulipwa kwa vyombo na zana. Kwa hivyo suala la ni boti gani, mashine gani na wavu gani si la mvuvi peke yake. Ni suala la bajeti na la haki.

Kikundi cha ufuo, yaani BMU, kina nguvu ya kisheria ya kusema. Kabla ya kutia saini kupokea chombo, viongozi wake waulize mambo manne hadharani. Nani aliulizwa ni chombo gani kinafaa maji haya? Petroli na matengenezo ya mwaka wa kwanza yatatoka wapi? Nani amefundishwa kuitengeneza mashine? Na chombo kikileta pato, hesabu itasomwa lini na mbele ya nani? Ikikosekana hata moja, bora kikundi kiombe malema mia, masanduku ya barafu na kiwanda kidogo cha kuitengeneza barafu hiyo, na boti isubiri.

Najua jibu litakalokuja: ukikataa boti, itapelekwa ufuo mwingine. Huenda. Lakini boti iliyo chini ya mkungu haijamlisha mtoto wa Timbwani wala wa Mikindani. Imewalisha waliopiga picha tu.

Kwa kijana mwenye akiba yake mkononi, ushauri wangu ni mfupi. Anza na maji unayoyajua na chombo unachoweza kukitengeneza mwenyewe. Weka daftari miezi sita: siku ulizotoka, kilo, petroli, bei. Daftari likikuambia kwamba samaki wako nje na huwafikii, nunua mashine bila woga. Likikuambia vingine, lisikilize, hata kama jirani yako amenunua faiba mpya yenye jina la mwanawe. Kukopa harusi, kulipa matanga, na bahari ina matanga yake ya kutosha.