Kijana, kimya si ushujaa

Kijana wa kijiweni, tuambiane ukweli. Kazi huna, kodi ya chumba unadaiwa, usiku usingizi hauji na moyo unadunda kama wa mwizi anayefukuzwa. Ukiulizwa, unajibu "poa tu". Poa gani hiyo?

Malaria ikikushika unakwenda kupima. Sonona ikikushika unakwenda kilabuni. Nani kakudanganya kwamba mwanaume hasemi?

Na wakubwa nao wana lao. Kule Kenya, sheria ya mkoloni ilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, mpaka Mahakama Kuu ilipoamua mwaka 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mtu wa kupelekwa hospitali alikuwa wa kupelekwa rumande!

Mshauri nasaha si mganga wala mpelelezi. Mnakaa, mnaongea, aghalabu mara moja kwa wiki. Anakusaidia kuiandika ile hofu, kuipima kama ina ukweli, kisha mnapanga hatua moja ndogo ya wiki ijayo. Kazi hakupi, lakini nguvu ya kuitafuta inarudi.

Nenda hospitali ya mkoa ukaulize. Wakisema huduma hiyo haipo, usiondoke kimya. Idai! Kodi unalipa.