Ndege ndogo haidanganywi, tupande mzani

Kwetu mtu akinenepa husifiwa. Mrejea akishuka kutoka Ulaya au Marekani mashavu yamejaa, jamaa humwambia amependeza, maisha yamemkubali. Sina ugomvi na sifa hiyo, maana mimi mwenyewe nina kilo 121 na sizionei haya. Ugomvi wangu ni na uongo unaoifuata. Mtu akiulizwa uzito wake kabla ya kupanda ndege ndogo, hupunguza kilo kumi au kumi na tano, kisha hulikumbatia begi lake la mkononi kana kwamba lina pamba tupu. Barabarani uongo huo huchosha springi za gari. Angani huua.

Naandika haya kwa kuwa wazo la kununua ndege ndogo limeanza kusikika miongoni mwetu tuliorudi nyumbani. Si wazo la kichaa. Kutoka Kampala hadi Arua kwa basi hula karibu siku nzima. Kwa anga, kutoka kiwanja cha Kajjansi kilicho kando ya barabara ya Entebbe, ni kama kilomita 365, yaani saa mbili na kidogo kwa ndege ya watu wawili. Wapo wafanyabiashara wa mpakani walio tayari kuchanga, na wapo warejea waliojifunza urubani ughaibuni. Mimi na wenzangu watatu tumekuwa tukipiga hesabu hizo jioni baada ya kazi. Mshahara wa mwalimu haununui ndege, lakini kujumlisha na kutoa ndiyo kazi yangu.

Somo la mzani nililipata uhamishoni. Nilivushwa mpaka mgongoni mwa mama mwaka 1980, vita vilipowakimbiza watu wa West Nile, nikasomea Zaire. Kule Ituri barabara zilipokufa, ndege ndogo za wamisionari zilizoruka kutoka Nyankunde ndizo zilizobeba wagonjwa, dawa na barua. Abiria walipimwa pamoja na vikapu vyao, awe mama mwenye kuku wawili au mkubwa wa ofisi. Hakuna aliyehisi ametukanwa.

Ndege inayotajwa zaidi katika mazungumzo yetu ni ile yenye gurudumu la mkiani, inayokaa pua juu na mkia chini. Mfano wake ni Piper Super Cub ya Marekani, ambayo askari wa wanyamapori wa Kenya wameitumia kwa miaka mingi. Sifa zake zinajulikana: rafadha yake iko mbali na mawe na nyasi, haina gurudumu la mbele la kuvunjikia shimoni, na hutua penye uwanja mfupi. Lakini uzito wake wa juu kabisa unaoruhusiwa ni kilo 794. Tuseme yenyewe tupu, pamoja na matairi makubwa na redio, ina kilo 480. Zinabaki 314. Nikiketi mimi na nguo, viatu na vifaa vya masikioni, natoa 125, zinabaki 189. Petroli ya kufika Arua na akiba ya dakika 45 ni kama lita 95, yaani kilo 68. Zinabaki 121. Abiria mmoja wa kilo 80 akipanda, zinabaki 41.

Mfanyabiashara atasema: vizuri, hizo 41 ni robota langu la vitenge. Hapana. Sehemu ya mizigo ya ndege hiyo huruhusu kilo 22 tu. Wenzangu wa malori mtanielewa upesi. Pale kwenye mizani ya Busitema, jumla ya lori inaweza kuwa sawa lakini ekseli moja ikizidi, unapigwa faini. Ndege nayo ina ekseli yake isiyoonekana, yaani kitovu cha uzito. Mzigo ukirudi nyuma mno, pua huinuka na rubani hushindwa kuishusha. Mwendesha boda boda wa baiskeli pale Busia anajua jambo hili: ukimfungia gunia zito nyuma kabisa, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani hautii. Kwa ndege ya gurudumu la mkiani hatari ni mara mbili, kwani hata chini uwanjani mkia mzito hutaka kuipita pua, na ndege huzunguka ghafla na kuvunja bawa.

Wengine wanavutwa na ndege ndogo zaidi, Piper J-3 Cub ya zamani, kwa kuwa ni rahisi kuitunza. Hesabu yake ni fupi. Uzito wa juu kilo 553, yenyewe tupu 347, zinabaki 206. Nitoe mimi, zinabaki 81. Jaza tangi la lita 45, zinabaki 48. Huyo si abiria mtu mzima, ni mtoto wa shule. Wahandisi wa Marekani wa enzi hizo walimhesabu mtu mmoja kuwa pauni 170, yaani kilo 77. Sisi wenye miili hatukuwamo katika hesabu zao.

Tena tusisahau tunaishi juu. Uwanja wa Entebbe uko mita 1,153 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 28, hewa huwa nyepesi na ndege hujiona kama iko kwenye mita 1,900. Injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu zake. Marubani wana kanuni ya kukadiria: ukiongeza uzito kwa asilimia 10, mbio za kuruka hurefuka kwa asilimia 20, na nyasi mbichi huongeza nyingine 30. Hayo hayajumlishwi, huzidishwa. Mita 300 huwa 468. Kijana wa darasa la saba anaweza kuikokotoa hesabu hiyo, lakini akishapewa kilo za uongo hata profesa hataipata.

Je, mnene asiruke? La hasha. Kanuni za kimataifa za ICAO hazikuweka kilo za kumnyima mtu leseni. Daktari hutazama moyo, shinikizo la damu, sukari, macho na masikio. Liko jambo moja zaidi la kutazama kabla ya kununua, ambalo muuzaji halitaji. Katika ndege hizi fimbo ya kuongozea iko katikati ya mapaja, na wakati wa kutua ni lazima uivute hadi mwisho. Kitambi kikiizuia, ndege hiyo si yako, hata kama mzani umekubali. Kwa hiyo keti ndani, funga mkanda, vuta fimbo mpaka mwisho, ndipo uzungumze bei.

Wapo watakaosema napaza sauti kwa jambo dogo. Niwakumbushe Kinshasa, 8 Januari 1996. Ndege ya mizigo aina ya Antonov 32, iliyopakiwa kupita kiasi, ilishindwa kupaa ikavamia soko la Simbazikita. Zaidi ya watu 200 walikufa, na wengi wao walikuwa sokoni wakiuza na kununua kama sisi. Siku hiyohiyo ya 8 Januari, miaka saba baadaye, huko Charlotte, Marekani, ndege ndogo ya abiria ilianguka ikaua wote 21 waliokuwamo. Wachunguzi walikuta waya za mkia zilirekebishwa vibaya, na uzito ulizidi na kukaa nyuma mno. Abiria hawakupimwa, walikadiriwa kwa wastani wa zamani. Baada ya hapo Wamarekani waliuongeza wastani huo.

Najua kupimwa mbele za watu kunachoma. Shirika la Samoa Air lilipoanza kutoza nauli kwa kilo za abiria pamoja na mzigo wake, mwaka 2013 dunia ilicheka na wengine wakalaani. Sikubaliani na kumtoza mtu kwa mwili wake, lakini kumpima ni jambo jingine. Mzani uwekwe nyuma ya pazia, namba isomwe na rubani peke yake, na anayecheka aachwe uwanjani.

Nina mapendekezo matatu. Kwanza, anayeuza ndege atoe karatasi ya uzito wa mara ya mwisho kupimwa, si wa kitabuni, kwani rangi, redio na viraka vya miaka vina kilo zake. Pili, shule za urubani zimwambie mwanafunzi mnene siku ya kwanza ni ndege gani itambeba yeye na mwalimu wake na petroli ya kutosha, badala ya kumpokea ada kisha kumzungusha. Tatu, na hili ni letu wafanyabiashara na warejea: tuache kumbembeleza rubani aongeze kifurushi kimoja tu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, lakini rubani hana usufi, ana kilo.

Anayeweza kupungua apungue, nami najitahidi. Kilo kumi nilizotoa mwilini ni karibu lita 14 za petroli, yaani dakika 25 za kutafuta kiwanja kingine mvua ikifunga Arua. Lakini hatuna haja ya kungoja wembamba ndipo tuwe wakweli. Tuliorudi tulitoroka mengi yaliyoua watu bila hesabu. Hili lina hesabu yake, na majibu yake husomwa kwenye mzani.