Azimaye Habari Azima Haki



Mwaka 1988 jarida la Beyond, la Baraza la Makanisa, lilifichua udanganyifu katika kura za mlolongo. Likapigwa marufuku, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akahukumiwa kifungo. Tarehe 30 Januari 2018 Citizen, NTV na KTN zilizimwa. Mahakama Kuu ikaamuru ziwashwe, amri ikapuuzwa kwa siku kadhaa. Tarehe 25 Juni 2025 vituo vikazimwa tena, ilhali Kifungu cha 34 cha Katiba chalinda uhuru wa habari.

Twamlaani mwandishi apokeaye bahasha ili anyamaze. Je, sisi wa Kitisuru tukinyamaza nyuma ya malango yetu, tutatofautianaje naye? Azimaye habari hushinda pale tu wasikilizaji wakubalipo giza. Tusilikubali!