Pine za kamio wakati wa baridi

Mwezi huu wa saba hakuna wa kutueleza baridi ya Kolwezi. Saa kumi na moja ya asubuhi tunapanda kamio kwenda Likasi kutafuta unga, mtoto mgongoni amefungwa vitenge viwili. Saa sita mchana jua linatuvua hata kitambaa cha kichwa. Mabadiliko hayo yanagusa pia upepo ulio ndani ya pine.

Upepo ukipoa, nguvu yake inapungua. Pine yenye bari 5,5 katika joto la digrii 27 inaamka na bari 5,1 hivi asubuhi ya digrii 7, na haikutoboka. Halafu tunaipakilia magunia, na sisi wenyewe juu yake. Pine yenye upepo mdogo inajikunja kila inapozunguka, inapata moto ndani, inapasuka mbali na nyumbani.

Mwaka jana ilitupata hivyo kabla ya kufika Fungurume. Kamio iliyumba, magunia yakamwagika, na mwenzetu aliyekaa juu ya mzigo akavunjika mkono. Dereva alikuwa ametazama pine za nje tu. Kule nyuma zinakaa mbili mbili. Ya ndani ikilala, ya nje inabeba mzigo wote na macho hayaoni kitu.

Tangu siku ile hatulipi nauli kabla pine zote hazijapimwa, pamoja na ile ya akiba. Mwanzoni madereva walitucheka: wanawake na pine wapi na wapi! Siku hizi wanatungoja. Tunapima asubuhi, kamio ikiwa bado haijatembea. Kiasi kinachotakiwa mara nyingi kimebandikwa karibu na mlango wa dereva. Namba ya ubavuni mwa pine ni ya mzigo mkubwa kabisa inaoweza kubeba, tusiichukue kuwa ya kila safari.

Kuna jambo moja tulikatae kabisa: dereva kutoa upepo mchana kwa kuwa pine imekazana. Imekazana kwa moto wa safari. Akiutoa, kesho asubuhi tutapanda kamio yenye pine legevu kuliko jana.

Kipimo chetu kinakaa kwa mama mweka hazina. Kundi linalosafiri wiki hii lipite kukichukua jioni, maana asubuhi naye yuko sokoni.