HILO SI PEPO, MPENDWA. NI MWILI UNAOKUMBUKA NJAA



Leo nakemea. Lakini sikukemei wewe uliyekula ukapitisha kiasi. Nakemea mafundisho yanayokufunga kamba.

Unajua vile huwa. Nyumba imekaa siku kadhaa kwa chai ya rangi. Halafu pesa inaingia, au mgao unafika, au kuna harusi na mbuzi wamechinjwa. Unakula. Unaongeza. Unaongeza tena, kwa sababu kuna kitu ndani yako kinasema kesho hakuna. Usiku umelala, ghafla moyo unaenda mbio, pumzi inakuwa fupi, mikono inatetemeka, na wazo linakuja: nakufa. Asubuhi unampigia mtumishi, naye anakwambia, "Hilo ni pepo la ulafi. Funga siku 3 bila maji, kisha uje na sadaka ya ukombozi."

Nasema HAPANA!

Tumbo likijaa sana linasukuma juu, mapafu yanakosa nafasi. Moyo unafanya kazi zaidi kwa sababu damu nyingi inaenda kusaga chakula. Asidi inapanda na kuchoma kifua. Ukiogopa hayo, hofu yenyewe inaongeza mapigo, na mapigo yanaongeza hofu. Hiyo ndiyo inayokutikisa usiku.

Na hofu hiyo ina historia. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, mvua ilikosekana misimu 5 mfululizo hapa kwetu. Mifugo ilikufa tukiona. Kakuma nako mgao umepunguzwa mara kwa mara. Mwili uliopitia hayo ukiona sahani imejaa hauwezi kutulia. Sasa wewe mtumishi unauambia ufe njaa tena? Siku 3 za kufunga zitaleta njaa kali, njaa kali italeta kula kupita kiasi, kula huko kutaleta hofu, na hofu itamrudisha kwako na sadaka nyingine. Huo ni mzunguko, na wewe ndiye unauzungusha!

Soma Biblia yako. Eliya aliomba afe (1 Wafalme 19). Malaika hakumkemea pepo. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamlisha tena. Yule kijana Mmisri aliyekaa siku 3 bila chakula (1 Samweli 30), watu wa Daudi walimpa mkate, maji, kipande cha tini na zabibu kidogo, na nguvu zikamrudia. Kidogo kidogo! Aliyekaa na njaa siku nyingi akishindiliwa chakula kingi mara moja, chumvi za damu zinaweza kuvurugika na moyo ukasimama. Daktari yeyote atakwambia.

Utaniuliza, "Pastor, kwani ulafi si dhambi?" Aliye na ghala na anamnyima jirani, huyo atajibu mbele za Mungu. Lakini Mithali 25:16 inazungumza na mtu aliyepata asali, na dawa inayompa ni kula kwa kiasi. Haimpi ukombozi wa kulipia.

Kenya tulishaona mahali mafundisho ya kuchukia chakula yanaishia. Mwaka 2023, msituni Shakahola, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Usicheze na hayo.

Kwa hivyo hofu ikikushika usiku, fanya hivi. Kaa wima, usilale chali. Legeza mshipi. Vuta pumzi polepole ukihesabu 4, itoe ukihesabu 6. Jiambie: nimeshiba, sifi. Kwa kawaida kilele cha hofu kinapita ndani ya dakika chache. Ukiweza, tembea taratibu uani. Usijitapishe. Kesho usijiadhibu kwa kukosa kula, kula chakula chako cha kawaida, sahani ndogo, kwa wakati wake. Mwambie mtu mmoja unayemwamini.

Lakini maumivu ya kifua yakienda mkononi au kwenye taya, ukizimia, au ukivimba miguu baada ya njaa ndefu, usingoje kesha la Ijumaa. Nenda zahanati, nenda hospitali ya rufaa Lodwar. Hofu ikirudi kila wiki, pia mwone daktari. Kwenda huko si kukosa imani.

Na nyinyi mnaokula na mwenzenu, msimcheke anapoongeza sahani. Hamjui alikosa nini.

Baba, mguse anayesoma hii akiwa na hofu ya chakula. Mpe kushiba bila woga, na usingizi mtamu. Katika jina la Yesu.

Andika AMINA, kisha mtumie mtu mmoja aliyeambiwa ana pepo.